Nilikadiria ukumbi mzima utaelewa maneno, nikamsahau mkalimani ambaye ni baba mkwe wangu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mara chache. Leo nimekaa na hili jambo mpaka chai imepoa, nikaona bora niliweke hapa lilivyotokea. Sitii chumvi. Penye aibu yangu nitaiacha ilivyo.

Naishi Kisangani, Kongo. Kigoma nilikaa miaka sita, nikifanya kazi kwenye duka la kukodisha muziki wa sherehe, ndiyo maana Kiswahili changu kimechanganyika. Mkikuta "bon" (haya) na "donc" (kwa hiyo) msinisahihishe, niko nyumbani.

Kazi yangu ni sauti za majengo.

Mimi sio DJ. Nasisitiza kwa sababu hata mama yangu mzazi akiulizwa anasema mtoto wake ni DJ. Mimi napanga spika zikae wapi, ziwe ngapi, zielekee wapi, ili mtu akiongea mbele, yule wa mwisho kabisa mlangoni aelewe anachoambiwa. Kusikia ni rahisi, hata radi unaisikia. Kuelewa ndiyo kazi.

Nivumilieni kidogo nieleze, maana bila hapa uzi wote hautaeleweka.

Ukumbi ukiwa na kuta za saruji, sakafu ya saruji na bati juu, sauti ikishatoka mdomoni haifi haraka. Inagonga ukuta, inarudi, inagonga bati, inarudi tena. Mimi naita mkia wa sauti. Neno la kwanza bado linazunguka, la pili limefika, la tatu limefika, msikilizaji anapokea uji. Ukiongeza volyumu unaongeza uji.

Sasa kuna programu za kompyuta zinazokadiria hayo kabla hujavuta hata waya mmoja. Unaingiza urefu, upana, kimo, kuta za nini, watu wangapi, spika gani na ziko wapi. Inakupa alama inaitwa STI, kati ya sifuri na moja. Sifuri ni uji. Moja ni mtu anakunong'oneza sikioni. Ukivuka 0.6 mkutano utakwenda vizuri na wewe unaweza kwenda zako nyumbani.

Bon.

Hapa mjini kuna chama cha wafanyabiashara, wengi wao watu wa Kivu ya Kaskazini, wa jumla na wa rejareja. Watu wa mpango sana. Walijenga ukumbi wa mita arobaini kwa kumi na nane, bati juu, dari hakuna. Chama hicho kina mutuelle, yaani mfuko wa matibabu, ambao hata sisi majirani tusio na duka tumejiunga. Mikutano ya mutuelle ndiyo inayojaza ule ukumbi.

Rais wa chama ni Papa Kambale. Anauza saruji na mabati. Bati ya ukumbi ilitoka dukani kwake, kwa hiyo mimi suala la bati sikuligusa kabisa.

Papa Kambale alitaka spika mbili kubwa, sisi huku tunaziita baffle.

"Weka baffle mbili ya munene kule mbele," aliniambia, "hata mutu wa Lubunga asikie."

Lubunga iko ng'ambo ya mto.

Nilimwambia watu wa Lubunga sio wanachama. Nikampa mpango wangu: spika nyembamba nane, ubavuni, nne kila upande, kila moja iwe karibu na watu wake na iongee kwa sauti ya kawaida. Pazia nzito nyuma. Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na moja kwa Kifaransa, na michoro ya rangi. Kijani ni pazuri, nyekundu ni pabaya.

Ndani ya hesabu niliweka watu mia nne wamekaa, kwa sababu mwili na nguo vinanyonya sauti. Niliweka kelele za barabarani. Niliweka hata mvua: niliandika kwamba mvua ya Kisangani ikianza juu ya bati, mkutano usimame, hakuna programu inayoweza kusaidia.

Ikatoka 0.61. Mbele, katikati, mlangoni, kote kijani.

Papa Kambale aligeuza kurasa zote kumi na moja, akaangalia picha tu, akasema, "Kijani iko mingi. C'est bon."

Nikafunga. Nilipomaliza nikafanya jaribio, sikutaka kazi ya kubahatisha. Niliita majirani wanane na karatasi na kalamu, nikawakalisha pembe zote. Mimi nikashika maiki mbele, nikasoma orodha ya maneno, mojamoja, taratibu. Wao wakaandika walichosikia. Walipata karibu yote. Nikawapa soda, nikaenda nyumbani nimevimba kichwa.

Sasa nimtambulishe mtu wa huu uzi.

Baba mkwe wangu, Papa Anselme, ni mkalimani. Amezaliwa kwenye familia za wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto, na yeye mwenyewe amevua pale mpaka mgongo ulipokataa. Alisoma na mapadri akajua Kifaransa vizuri. Miaka ishirini, akija daktari, akija mkuu yeyote, akija mtu wa mradi, anaongea Kifaransa, na Papa Anselme pembeni yake anatia kwenye Kiswahili chetu. Akiona nyuso za watu zimepotea, anaongeza neno la Kilingala hapo hapo, nyuso zinarudi.

Hakuna anayemlipa. Anapewa kiti chenye mikono, na sokoni watu wanamwita Papa Micro, yaani Baba Maiki.

Tangu mama mkwe afariki na yeye aache kuvua, ile maiki ndiyo inayomfanya apige shati pasi. Siku ya mkutano anaamka mapema, ananyoa, anauliza watoto kama viatu vinang'aa. Siku zisizo na mkutano anakaa na singlendi mpaka jioni. Mke wangu Clémentine huwa anahesabu mikutano kwa ajili ya baba yake.

Mtauliza: kwa nini kwenye jaribio hukumwita yeye, ndiye mwenye maiki?

Wakuu, yule ni bokilo wangu. Bokilo ni mkwe, ni Kilingala. Kwetu mkwe humwagizi. Humwambii njoo hapa, simama pale, sema moja mbili tatu, haya rudia. Mimi nikimuona njiani nashuka kwenye moto, yaani pikipiki, nasimama pembeni mpaka apite. Leo nimsimamishe mbele ya majirani wanane wenye soda nimwambie "papa, sogeza mdomo"? Hapana. Nikajiambia mdomo ni mdomo, nikatumia wangu.

Hapo ndipo nilipokosea. Sikujua bado.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumamosi. Ukumbi umejaa mpaka watu wamesimama kwenye madirisha. Daktari mmoja mgeni alikuja kueleza jinsi ya kuandikisha watoto kwenye mutuelle: siku gani mtaa gani, uje na karatasi gani, mtoto wa umri gani. Akaongea Kifaransa chake cha haraka. Papa Anselme akatia Kiswahili. Daktari, Papa Anselme, daktari, Papa Anselme, kama wanapokezana gunia.

Mimi niko nyuma kwenye mixer, mikono nimefumbata, nasubiri sifa.

Dakika ya tano mama mmoja katikati akasimama.

"Tunasikia makelele tu! Maneno hatusikie!"

Nikafikiri ni yeye peke yake. Mlangoni wakaanza kupiga miluzi. Nilitoka kwenye mixer nikatembea ukumbini, nikasimama pale pale ambapo kompyuta ilisema 0.61.

Uji mtupu.

Nilirudi nikagusa kila kitufe nilichonacho. Nikapunguza besi, nikapunguza volyumu, nikaongeza volyumu. Mkutano ukaisha hivyo hivyo. Watu wakaondoka kila mmoja na tarehe yake.

Wiki iliyofuata kule kwenye kituo cha afya waliokuja Jumanne walitakiwa Alhamisi, waliokuja Alhamisi hawakuwa na karatasi. Kuna mama alitoka Bengamisa, mbali nje ya mji, kwa moto na watoto wawili, njia yote ile ya matope, akaambiwa siku ya watu wa Bengamisa ilikuwa jana yake. Huyo mama nilimuona kwa macho yangu. Alikaa kwenye ngazi, akawavua watoto viatu, akaanza kufuta matope bila kusema kitu.

Lakini nirudi Jumamosi ile ile, mara baada ya mkutano. Kamati ilikaa palepale. Papa Kambale akanigeukia.

"Technicien, machine yako iko na shida?"

Nikatoa ripoti. Kurasa kumi na moja, rangi ya kijani, na majina ya wale majirani wanane na maneno yao waliyoandika. Kwa kweli nilijitetea vizuri. Mtu mwenye karatasi hapa kwetu ni vigumu kumshinda.

Halafu mhazini akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetangaza msiba, "Basi iko muzee. Amechoka. Meno imeisha, maneno inapita pembeni."

Wengine wakatikisa kichwa. Ndiyo, ni kweli, mzee amechoka. Miaka ishirini ni mingi. Kuna mwalimu mmoja wa sekondari anajua Kifaransa safi, tumjaribu. Wakaandika ajenda ya mkutano mkuu, wiki mbili mbele: kubadilisha mkalimani.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Ripoti iko mapajani. Nikaanza kuikunja.

Nikajiambia: labda kweli ni meno.

Jumanne nilikumbuka kwamba mixer huwa inarekodi. Nikavaa spika za masikioni nikasikiliza mkutano wote tangu mwanzo.

Wakuu, nilisikia kila neno. Papa Anselme alikuwa safi kuliko mtangazaji wa redio. Tarehe zote, mitaa yote, mpaka umri wa watoto. Ile rekodi inatoka kwenye maiki moja kwa moja, haijapita hewani, haijagonga ukuta wowote. Donc mdomo ulikuwa mzima. Meno yalikuwa mazima, au tuseme yalitosha.

Nikarudia tena, mara hii naangalia mistari ya sauti kwenye skrini. Ndipo nikaona. Daktari hajamaliza sentensi, Papa Anselme ameshaanza. Kila mara. Hakuna pengo hata moja. Sehemu nyingine mzee anaanza daktari akiwa bado kwenye neno la mwisho, kwa sababu ameshajua linakwenda wapi. Na daktari naye, akiona mzee anamalizia, anarukia.

Ukumbi ule mkia wake unahitaji kama nusu sekunde upungue vya kutosha ndipo mtu mwingine aanze. Kwa mtu mmoja anayeongea peke yake kwa utulivu, 0.61 ni kweli kabisa. Kwa watu wawili wanaopokezana bila kupumua, mkia wa Kifaransa unafunika kichwa cha Kiswahili, na mkia wa Kiswahili unafunika kichwa cha Kifaransa. Na maiki zote mbili nilikuwa nimeziacha wazi muda wote, kila moja inaokota mdomo wa mwenzake. Nilihesabu bati, pazia, pagne (vitenge) za kina mama na mvua. Mkalimani sikumhesabu, katika mji ambao hakuna mkutano bila mkalimani.

Ni kosa la kitoto. Na ilikuwa Jumanne, mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Nilikuwa na siku kumi na moja za kwenda kwa Papa Kambale nikasema.

Sikwenda.

Niseme ukweli kwa nini. Kuna ukumbi mwingine walikuwa wameshaniita kwa sababu ya ripoti ile ile. Nikajiambia nikisema 0.61 yangu haikuwa imekamilika, nani ataniita tena? Halafu nikajiambia pengine mkutano utaahirishwa. Halafu nikajiambia mzee mwenyewe huenda anataka kupumzika. Mtu akitaka kukaa kimya hakosi sababu.

Ijumaa usiku tunakula, Clémentine akasema bila kuniangalia:

"Papa alienda kwa munganga ya meno. Anasema bamungole ya mbele bamutie ya mupya, juu batu habamusikie tena."

Munganga ni daktari, na "juu" hapo ni kwa sababu. Nikanywa maji. Nikasema, "Aa." Hilo ndilo jibu nililotoa, wakuu, mtu mzima mwenye ndevu.

Jumapili tulimpelekea chakula kule kwao, karibu na maporomoko. Nimeenda pale mara nyingi, lakini siku hiyo ndiyo nilisikiliza. Maji yale hayanyamazi. Wazee wanaongea nje, na mmoja akikaribia kumaliza mwenzake ameshadaka, kwa sababu ukiacha nafasi maji yanaingia na watu wanafikiri umemaliza. Wamekua hivyo wote. Papa Anselme amejifunza kuongea pale. Nje pale, ni sawasawa kabisa. Chini ya bati ya Papa Kambale, ni balaa.

Mzee alikuwa na meno mapya mawili. Ufizi umevimba. Ameshika gazeti la zamani, anasoma kwa sauti, neno kwa neno, anajisikiliza. Alipotuona akaliweka chini haraka.

Clémentine akaingia ndani na masufuria. Tukabaki wawili, jambo ambalo huwa naliepuka. Mzee akaangalia maji, kisha akaniambia:

"Bokilo, wewe uko mutu wa sauti. Uniambie kweli. Iko meno?"

Aliniuliza yeye mwenyewe. Ile heshima yote ninayojificha nyuma yake, aliitoa mwenyewe akaiweka pembeni. Ilikuwa nafasi yangu, na kwa kelele za maji yale hakuna mtu mwingine angesikia.

Nikamwambia, "Tutaona, papa. Tutaona."

Akatikisa kichwa kwa adabu, akasema, "Merci."

Ile merci yake ilinikera mpaka nikashindwa kula.

Bon. Mkutano mkuu.

Kwenye chama hiki, anayesoma taarifa anasoma kwa Kifaransa, ndiyo heshima ya karatasi, na mkalimani anatia Kiswahili. Sasa oneni: mpaka kura ipigwe, mkalimani bado ni Papa Anselme. Kwa hiyo ajenda ya tatu, kubadilisha mkalimani, atakayeitafsiri ni yeye.

Na aliitafsiri. Amevaa shati la bluu, pasi imesimama, meno mapya. Katibu akasoma kwamba kwa sababu ya umri na ugumu wa matamshi, kamati inapendekeza. Papa Anselme akadaka kabla katibu hajafika kwenye nukta, kama kawaida yake, akayasema yote kwa Kiswahili, hakuruka neno. Mkalimani akitafsiri anasema "mimi" kwa niaba ya anayeongea, na "sisi" kwa niaba ya kamati. Akasema, "Sisi tunaona muzee hawezi tena." Walioko mbele walisikia. Walioko nyuma walisikia uji, na kwa mara ya kwanza nilishukuru.

Papa Kambale, mtu wa mpango, akataka mambo yafungwe kwa ushahidi. Akanionyesha kidole kule nyuma.

"Technicien, kuja hapa na karatasi yako. Sema mbele ya batu: micro iko bien, ao haiko bien?"

Mita arobaini. Nilitembea zote.

Nikasimama kwenye maiki ya kwanza. Bokilo wangu yuko kwenye maiki ya pili, hatua moja kutoka kwangu, haniangalii, ameinamisha sikio kama anavyofanya kwa kila mgeni. Yuko kazini. Ananisubiri mimi niseme ili atafsiri.

Kwa Kiswahili nisingeweza, wakuu. Kumwambia uso kwa uso nisingeweza. Lakini Kifaransa kwenye maiki ni taarifa, na taarifa inasomwa kwa kamati. Nikaanza.

Nikasema: Bwana Rais, ripoti yangu ina kosa. Nilihesabu mtu mmoja anaongea. Hapa siku zote wanaongea wawili.

Akadaka. Kwa kasi yake yote. Uji ukajaa ukumbi. Mlangoni wakaanza miluzi.

Nikaendelea: nimesikiliza rekodi ya mkutano uliopita. Kila neno la Papa Anselme liko pale, zima. Mdomo wake hauna kosa. Kosa ni la hesabu yangu, na wale waliokosa siku yao, walikosa kwa sababu yangu.

Nikanyamaza, nikasubiri adake.

Hakudaka.

Kichwa alikuwa ameinua, ananiangalia. Miaka tisa ya ndoa sikumbuki kama tuliwahi kuangaliana hivyo. Mdomo umefunguka kidogo, mkono umeshika maiki, hakuna kinachotoka. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inazunguka kwenye bati, inapungua, inapungua, ikaisha. Ukumbi wa watu mia nne ukawa kimya mpaka feni ikasikika.

Ndipo akasema. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, hakusema "mimi" kwa niaba ya anayeongea. Alisema:

"Mutoto wangu anasema kosa iko yake. Anasema alihesabu mutu moya, na sisi tuko babili. Anasema kinywa yangu haina kosa."

Kule mlangoni kabisa, kwenye mita ya arobaini, mama mmoja akapiga kelele:

"Ile tumesikia! Ile yote tumesikia!"

Na wengine wakaitika, tumesikia, tumesikia, kutoka kila pembe. Hata wale wa madirishani.

Yule mwalimu aliyetakiwa kuchukua nafasi akasimama mwenyewe, akasema yeye ameombwa tu, hakuomba, na kama inawezekana akae pembeni ya mzee ajifunze. Ajenda ya tatu ikafutwa bila kura. Papa Kambale akaniuliza dawa ni nini. Nikasema ni kusubiri nusu sekunde kati ya mtu na mtu, kufunga maiki moja wakati ya pili inaongea, na baadaye kutia dari ili mkia uwe mfupi.

"Dari ya nini?" akauliza. "Bati iko mubaya?"

Nikasema bati ni nzuri sana.

Sasa, ile nusu sekunde nani amwambie bokilo? Humwambii mkwe asubiri. Nikatengeneza taa ndogo ya kijani, nikaiweka mezani mbele ya maiki. Mtu wa kwanza akinyamaza na ukumbi ukatulia, inawaka. Bokilo haambiwi na mtu. Anaona taa. Amekubali, anasema ni kama ya barabarani. Siku hizi mpaka mlangoni wanaelewa, na shati limerudi kupigwa pasi. Yule mama wa Bengamisa aliandikishiwa watoto wake siku maalumu, kamati ilikubali.

Nilichojifunza, kwa wale wa fani: usikadirie jengo peke yake, kadiria na namna watu wanavyoongea ndani yake. Kaa kwenye mkutano mmoja kabla hujafungua kompyuta. Jaribu na yule yule atakayeshika maiki, hata kama heshima inakuzuia, tafuta njia. Na ripoti ikiwa na rangi nzuri sana iogope kidogo.

Hayo ni ya kazi. Lakini sio yaliyonileta hapa.

Pale mbele nilisema kosa ni langu. Sikusema tangu lini nalijua. Mzee anaamini niligundua asubuhi ile ile ya mkutano mkuu nikakimbilia kuja kumwokoa. Anawaambia watu sokoni. Jumapili iliyopita alinitia samaki mkubwa kwenye sahani kwa mkono wake, akaniita tena mutoto wangu, mbele ya shemeji zangu wote. Meno mawili aliyong'oa yalikuwa mazima, wakuu. Aling'oa meno mazima katika zile siku kumi na moja, na aliniuliza, nikamwambia tutaona.

Clémentine hajui. Nikimwambia mzee, najua nitakachopoteza. Nisipomwambia, kila samaki anayenitilia nitamla hivi hivi, kama nimemwiba.

Wenye wakwe, nisaidieni. Mnaanzaje sentensi kama hiyo, na mnaisema kwa lugha gani?